Nilivyokwenda Kukohoa Studio Iringa

Nilisafiri kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu. Nilisimama mbele ya akina mama wa kanisani kwetu Uyole nikatangaza kwamba mjukuu wangu Atupele ameitwa Iringa kurekodi fidla, na kwamba bila mimi yule mtoto hapigi kitu. Hakuna aliyeniuliza. Mtoto mwenyewe ana miaka kumi na tisa na alishajipanga kwenda peke yake. Lakini neno likishatoka mdomoni mwangu halina gia ya kurudi nyuma. Nikafunga begi.

Niseme ukweli. Mimi niliishia darasa la nne, na noti za muziki kwangu zote ni viluwiluwi kwenye waya. Lakini tangu Atupele aanze kujifunza, kila jioni alikuwa anapigia jikoni kwangu, na mimi nikajifanya mkaguzi. Nikiona sauti haijakaa, nakohoa. Yeye anasimama, anarudia. Mara nyingine sikusikia kosa lolote, ni moshi tu ulinishika, lakini akirudia nilitikisa kichwa kama mtaalamu.

Saa kumi na mbili asubuhi tukapanda basi, yeye na fidla yake mapajani kama kichanga. Igawa basi liliposimama, dirisha likajaa mabeseni ya mahindi ya kuchemsha. Nikamwambia muuzaji, "Huyu unayemwona anakwenda kurekodi."

"Hongera, bibi. Nikupe mahindi mangapi?"

Tulipopita Mafinga, kwenye ile misitu ya misonobari, ndipo nilipokumbuka kuuliza. "Kwani mnarekodi tenzi zipi?"

"Siyo tenzi, bibi. Ni roki."

"Roki ndiyo nini?"

"Ile ya magitaa ya umeme, watu wanapiga kelele mpaka mishipa inawatoka. Mwalimu Chesco amezipanga upya, tunazipiga kwa fidla tupu."

Nikahesabu misonobari mpaka Ifunda. Kule kanisani nilishasema ni nyimbo za kumtukuza Mungu.

Ipogolo, pale unapoingia Iringa, tulishuka mchana. Mama yake Chesco ndiye aliyetupokea, mama mnene mwenye mikono ya mkulima. "Kamwene, bibi!" akanisalimia kwa Kihehe. "Karibu sana. Na wewe unapiga chombo gani?"

"Mimi nasimamia," nikajibu.

Kesho yake saa tatu tukaingia studio. Ni chumba cha uani, kuta zimevikwa magodoro na mablanketi, nyaya zimetambaa sakafuni, na vijana kumi na wawili wamekaa kwenye viti vya plastiki na fidla ndogo na kubwa. Chesco ni kijana mwembamba, hedifoni shingoni. Nilipogoma kukaa nje akanipa kiti cha pembeni. "Sawa, bibi. Ila humu hata kupumua tunapumua kwa adabu."

Nilijiandaa kwa makelele. Badala yake fidla zikaanza chini kabisa, kama mvua inayokuja kutoka Rungwe ukiwa bado umeanika nguo, halafu zikapanda zote pamoja mpaka nikashika kiti. Kama hiyo ndiyo roki, walionificha wana dhambi.

Wimbo wa mwisho ulikuwa na kipande cha Atupele peke yake. Akaanza vizuri. Katikati, koo likaniwasha, nikakohoa kidogo. Akasimama.

"Umesimama kwa nini?" Chesco akauliza. "Kikohozi tungekikata."

"Bibi amekohoa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekosea."

"Hujakosea popote!"

Vichwa kumi na viwili vikanigeukia. Nikaomba radhi. Wakarudia. Safari hii nilijaza ncha ya kanga mdomoni, machozi yakanitoka, sikutoa sauti hata ya mbu. Lakini Atupele alipofika mahali pale pagumu alinitupia jicho, na kidole kikateleza. Ikawa hivyo mara ya tatu. Ikawa hivyo mara ya nne.

Chesco akavua hedifoni. "Sasa ni saa sita. Saa nane wenzetu wanaingia humu. Tukijaribu tena kisikae, kipande hiki atapiga Veronika."

Veronika, binti wa kiti cha pili, akaangalia viatu vyake. Atupele akaanza kufuta fidla ambayo haikuwa na vumbi. Nilijua maana yake. Alikuwa amefanyia mazoezi kipande kile miezi mitatu, vidole vikiota sugu.

Kwanza nililaumu mablanketi kwa vumbi. Halafu nikamlaumu Chesco. Kisha nikamtazama mtoto, nikaona macho yake hayako kwenye karatasi. Yako kooni kwangu.

Nikasimama. "Naenda kuota jua," nikasema. Chesco alinifungulia mlango haraka kupita heshima.

Nje sijakaa hata kwenye kizingiti, mashine ya kusaga ya jirani ikaanza kunguruma mpaka ardhi ikatetemeka. Nikakimbia na magoti yangu haya. "Kamwene jamani! Zimeni! Mjukuu wangu anarekodi!"

"Akirekodi ndiyo tutakula?" akajibu mama mmoja mwenye debe.

"Niombeni chochote."

Lafudhi yangu ilishanitangaza. "Kumbe Wanyakyusa mnajua kuomba!" wakanitania, wakacheka wote. Mwenye mashine akazima, akanisukumia ungo. "Haya, tupepetee mahindi."

Nikapepeta debe mbili nzima. Makapi yakaniingia kooni nikakohoa nitakavyo, wala hakuna aliyesimama. Kutoka kule ndani kwenye magodoro haikunifikia sauti yoyote.

Mlango ukafunguka, Atupele akaja mbio, jasho limemtoka katika baridi ile. "Bibi! Umesikia?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: nimesikia yote, umepiga kama malaika. Nikaumeza. "Sijasikia hata kidogo, mwanangu."

Akanikumbatia na makapi yangu, akicheka. "Ndiyo maana nimekipiga mara moja tu!"

Nilitaka kununa, nikashindwa.

Kesho yake nilirudi peke yangu, maana Chesco alimwomba Atupele abaki wiki nzima. Njiani sikumwambia abiria yeyote habari za mjukuu wangu. Nilikuwa nafikiri. Miaka yote nilidhani namshika mkono, kumbe nilikuwa nimemkalia. Haya ndiyo niliyojifunza Iringa, na ninyi mnaoniuliza kila siku hapa Uyole wimbo ulikuwaje, jibu langu ni kwamba nilikuwa nje.

Jumamosi akapiga simu. "Bibi, wimbo umekamilika. Nikutumie kwenye simu ya mjomba, uniambie kama umekaa?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Wewe mwenyewe unauonaje?"

Swali hilo sikuwahi kumuuliza tangu ashike fidla.

"Mimi naona umekaa, bibi."

"Basi umekaa. Tuma."