Viatu Vinavyotazama Barabara

Harufu ya viatu vya plastiki vilivyoshinda juani hunirudisha Goma, kwenye baraza ya nyumba moja ya mtaa wa Himbi, wenzangu wameketi ndani na mimi nimesimama nje. Mama Keiko, Mjapani aliyekuwa akihudumia wakimbizi, alitufundisha lugha yake kila Jumamosi sebuleni mwake. Sharti lilikuwa moja: kwao hakuna anayeingia nyumbani na viatu.

Mimi sikuvua. Vita vilipofika kijijini kwetu Kalengera tulikimbia, nami nilitembea pekupeku mpaka nyayo zikachanika. Tangu hapo mama aliniamuru nisivue viatu katika nyumba ya mtu, na yeye mwenyewe alilala navyo. Basi nikasomea mlangoni. Herufi nilizichora kwa chaki juu ya mawe meusi ya volkano, na swali likiulizwa ndani, nilijibu kwa kelele kabla ya wale wa mkekani. Kule Katindo, shangazi alikotuhifadhi, jirani mmoja mchokozi aliniuliza, "Mukimbizi anasoma Kijapani, atakimbilia wapi tena?" Nikamhesabia moja mpaka kumi kwa Kijapani, kwa sauti ya matusi. Hakuniuliza tena.

Mvua zilipoanza, Mama Keiko alikataa niendelee kulowa: nivue, au nirudi nyumbani. Nikamleta mama.

"Mutoto yangu havui," mama alimwambia. "Vita ikikuja, atakimbia na nini?"

Mama Keiko alipiga magoti akaendelea na kazi yake ya kila Jumamosi, ambayo sisi watoto tuliiona kichekesho: kugeuza viatu vya wanafunzi, kimoja kimoja, ncha zitazame barabara.

"Unavigeuza juu ya nini?" mama akauliza.

"Ni desturi ya kwetu. Mutu akitoka, asiteseke."

"Hata akitoka mbio?"

"Hata mbio, mama."

Mama akainama, akavua vyake, akavigeuza mwenyewe, akaingia. Nilikasirika hadi machozi. Niliona ameshindwa, tena na mgeni, nami nikabaki mlangoni na vyangu miguuni, nimekunja mikono. Yeye akanyoosha miguu mkekani na kusinzia katikati ya somo, mdomo wazi, mbele ya wenzangu. Niliona aibu kubwa.

Nilielewa nilipokuwa na watoto wangu wa kuwalaza. Mama hakumtii mtu siku ile. Tangu tutoke Kalengera, ndipo kwa mara ya kwanza aliacha kukimbia.