Ndama Niliyemzika Nyuma ya Migomba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinionee huruma. Shule niliacha darasa la tatu, lakini si hilo lililonifunga mdomo. Ni kiburi.

Mke wa mwanangu alipoolewa hapa, alikuwa akichemsha maziwa kabla ya kuyagandisha kwenye kibuyu. Nikamwambia hayo ni maziwa ya wagonjwa, yetu hutiwa vile yametoka kwa ng'ombe.

"Mama, shuleni tulifundishwa kwamba..."

"Na kukamua, walikufundisha?"

Nyumba nzima ilicheka. Akaacha kuchemsha. Kila asubuhi nilimmiminia kikombe mimi mwenyewe, nikasimama hapo mpaka amalize.

Msimu wa mvua, ng'ombe wetu akatupa ndama ambaye hajatimia. Nilimbeba kwa mikono mitupu, nikamzika nyuma ya migomba, sikumwambia mtu. Niliogopa majirani wangesema boma langu lina mkosi. Kibuyu kiliendelea kujazwa.

Baada ya wiki kadhaa, msichana wa watu akaanza homa za jioni, jasho, maumivu ya mgongo na magoti. Kikapu chake cha majani chai kikawa kinarudi nusu. Mbele ya wachumaji wenzake nikasema, "Huu ugonjwa wake ni mjanja. Unajua saa ya kuosha vyombo."

Wakacheka tena. Yeye alitabasamu, akaosha vyombo.

Siku aliposhindwa kuinuka kitandani ndipo nilipompeleka hospitali Nyamira. Walimpima damu. Daktari akauliza kama tunakunywa maziwa mabichi. Tukakubali.

"Na kuna ng'ombe wenu aliyetupa mimba?"

"Hapana, daktari," akajibu mke wa mwanangu. Hakuwa anajua. Mimi niliangalia viatu vyangu. Kalamu ilikuwa imeanza kuandika ndipo nikasema, "Yuko. Ndama nilimzika mwenyewe."

Daktari akatueleza kwamba ni brusela, hutoka kwa ng'ombe, huingia kwa maziwa mabichi, hata kwa mikono iliyoshika ndama kama yule. Dawa ni za wiki nyingi, na ng'ombe lazima apimwe. Mke wa mwanangu hakunilaumu. Aligeuza uso dirishani. Afadhali angenitukana.

Tulipofika nyumbani niliwaita wote, hata wale waliocheka. Nikawaambia: "Kuanzia leo maziwa yote yachemke mpaka yapande, ya chai na ya kibuyu. Mwenye kusema yako tayari ni huyu mke wa mwanangu. Kabla hajasema, mtu asinimiminie kikombe, hata nikiitisha."