Leseni ya Ndoana Moja

Tangazo lilipita asubuhi, spika imefungwa nyuma ya pikipiki. Wananchi wote tulitakiwa kufika mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kesho yake kutoa maoni kuhusu leseni ya kuvua kwa ndoana, hata kwa wasiouza samaki, hata kwa wale wanaovua kwa kujifurahisha tu. Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, upande wa nyumba wenye kivuli. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kujifurahisha," akasema. "Mwambie baba yako amepatikana."

Baba hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga ndoana yake kwenye mshipi, na mikono yake, iliyozoea kamba za ng'ombe, ilikuwa ikihangaika na uzi mwembamba kama utando. Alisikiliza pikipiki mpaka ikapotea upande wa barabara ya Lamadi. Kisha akaniuliza kama nimesikia vizuri, kwamba hata asiyeuza. Nikamwambia nimesikia. Akaiweka ndoana chini bila kumaliza fundo.

Baba alizaliwa Lingeka, kule Meatu, ambako mtu huulizwa habari za ng'ombe kabla ya kuulizwa habari za watoto. Katika ukoo wetu samaki haliwi. Si mwiko wa kutisha, wala hakuna anayejua ulianza lini. Ni dharau tu iliyozeeka mpaka ikafanana na mila. Wazee wetu wakiona dagaa mnadani wanageuza uso na kusema hicho ni chakula cha watu wasio na zizi. Na baba, mwenye zizi lililojaa, akaenda kumwoa mwanamke wa ziwani.

Mama ni wa huku, karibu na Lamadi, kwa watu wa mitumbwi na vichanja vya dagaa. Lingeka walimwita binti wa wavuvi tangu siku alipoingia mpaka nywele zake zilipokuwa nyeupe, mara nyingi kwa kicheko, mara nyingine bila kicheko. Mawifi zake walikuwa wakipita mlangoni wakivuta pua kana kwamba kuna kitu kimeoza. Mama alijifunza kukamua, akalima pamba, akatuzaa, akaacha kabisa kutaja samaki. Ulimi mkali nilionao nimeurithi kwake, lakini yeye wa kwake aliufungia ndani kwa ajili ya amani. Baba hakuwahi kumcheka. Wala hakuwahi kuwakemea waliomcheka. Maneno yakianza, yeye alikuwa anasimama na kwenda kuangalia ng'ombe.

Kisha mama akaanza kuugua, na tumbo lake likakataa kila kitu. Lilikataa ugali, likakataa uji, likakataa hata maziwa ambayo baba aliamini yanatibu kila ugonjwa isipokuwa kifo. Mama akaomba arudishwe kwao. Baba akawakabidhi kaka zangu ng'ombe, yeye na mama wakaja huku. Mimi nilifunga kibanda changu cha cherehani pale Bariadi mjini, nikawafuata. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ambaye ananunua na kuuza samaki, alitupatia vyumba viwili vya nyumba yake.

Jioni ya kwanza mama mdogo alichemsha sato mbichi kwa chumvi na ndimu, bila hata tone la mafuta. Mama akanywa mchuzi wote, akala na nyama kidogo, akauliza kama upo mwingine. Baba alikuwa amesimama mlangoni akikitazama kile kijiko kinavyokwenda na kurudi. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Samaki tungeweza kupewa na mama mdogo kila siku, na alitaka kutoa. Baba alikataa. Alisema mke wake hajawahi kulishwa na shemeji, na hataanza uzeeni. Akaenda dukani, akarudi na ndoana na mshipi.

Sasa fikirini mfugaji wa Meatu amesimama ziwani. Alikuwa anakwenda saa sita mchana, jua la utosi, kwa sababu huo ndio wakati wa mifugo kunywa maji, na kwa hesabu zake samaki nao ni viumbe kama wengine. Watu wote wa mwalo walikuwa wamelala wakati huo. Akifika, anatupa ndoana, kisha anapiga mluzi. Ni ule mluzi mrefu wa taratibu ambao wachungaji huwapigia ng'ombe wakiwa kisimani ili wanywe kwa utulivu wasisukumane. Baba aliwapigia samaki mluzi. Watoto walikuja kumtazama, na watu wazima walikuja wakijifanya wanawatafuta watoto. Na siku alipopata sato wa kwanza hakumuua. Alimleta akiwa hai kwenye ndoo, maji yanamwagikia miguu, kwa sababu, alivyonieleza, mnyama hachinjwi kisimani mbele ya wenzake. Mama alipoona ile ndoo alicheka na kulia kwa pamoja.

Mwenyewe hakuonja hata mchuzi. Na ukimwita mvuvi, hata kwa utani, anakurekebisha hapohapo: yeye ni mfugaji, anamtafutia mgonjwa chakula.

Ndiyo maana tangazo lile lilinitia wasiwasi. Ada haikuwa tatizo letu. Baba ni mtu wa sheria. Hajawahi kukwepa hata kodi moja. Leseni ikiwa lazima, hataweza kuvua kwa kujificha. Na kuichukua ni kukubali jina lake liingie kwenye daftari la bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, kati ya wavuvi, na habari zisingechukua muda kufika Lingeka. Mawazoni nilimwona akikataa, na nikaona sahani ya mama ikibaki tupu kwa ajili ya heshima ya ukoo.

Kesho yake tulikutana kwenye banda la kupimia samaki. Bwana samaki wetu ni kijana mpole, ana sauti ndogo, na alianza kwa kusema mara nyingi kwamba bado ni mapendekezo. Alieleza kwamba wenye nyavu na mitumbwi wana leseni tayari, lakini wenye ndoana ufukweni hakuna anayejua ni wangapi, wanachukua nini, na wapi. Kuna wageni wa hoteli za Lamadi wanaokuja na fimbo zao za kuvulia. Kuna wenyeji wanaovua kwa mboga. Kuna wanaopoteza mawazo tu. Serikali inauliza, wote hawa wakate leseni au wasikate?

Mvuvi mmoja alisema ziwa ni la Mungu, na yeye hajaona risiti ya Mungu. Watu wakapiga makofi. Mwingine akauliza kama na mtoto wake anayevua furu, visamaki vile vidogo, kwa uzi wa kushonea atakamatwa. Ikawa kelele.

Mama mdogo akasimama, na kelele zikapungua, kwa sababu yeye akiongea unasikia hata kama hutaki. Alisema anaunga mkono leseni. Nilidhani sikusikia vizuri. Alisema sato hutagia kwenye matete, ukingoni, palepale wanapokaa wenye ndoana, na wanamtoa mama akiwa na mayai mdomoni. Wenye nyavu ndogo wanachomewa nyavu zao hadharani, lakini wa ndoana anaitwa maskini wa Mungu na kuachwa. "Sheria ni msumeno," akasema. "Kama unakata huku, ukate na huku." Hakututazama baba na mimi, lakini alijua tumekaa wapi. Nilimkasirikia sana, na ubaya zaidi ni kwamba nilijua anasema kweli.

Ndipo mtu wa nyuma akasema kwa kicheko kwamba basi hata yule mzee wa Meatu anayepiga mluzi akate leseni, au akate ya kuchunga samaki. Banda zima likacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, watu walimpenda baba, lakini mdomo wangu hauna breki. Nikasimama. Nikasema baba yangu si mvuvi wala hajifurahishi. Ana mke mgonjwa asiyeweza kula kitu kingine, na anachokipata ni samaki wa sahani moja. Nikasema kama sheria yao haina nafasi ya mtu kama huyo, basi wairudishe ilikotoka ikapikwe upya.

Bwana samaki aliona aibu, na nadhani alifurahi kupata jambo aliloweza kulikubali. Alisema nimezungumza vizuri. Mzee kama huyu, akasema, hata sheria ikipita, kamati ya mwalo inaweza kukaa na kuelewana. "Huyu mzee si mvuvi. Hatutamhesabu."

Nikakaa nikiwa nimeshinda. Nilimgeukia baba nikitegemea kuona uso wake umefunguka, kwa sababu alikuwa amepewa vyote: ziwa, sahani ya mama, na jina lake safi. Lakini baba alikuwa anasimama, polepole, kwa kushika bega langu. Akawasalimia, "Mwadila," wakamwitikia.

"Mtoto wangu amenitetea, namshukuru," akasema. "Lakini nihesabuni. Ng'ombe wangu wamevalishwa hereni, kila mmoja na namba yake. Nilikubali, kwa sababu asiye na alama si wa mtu. Basi na mimi nivalisheni."

Watu wakacheka kidogo, wakadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Mke wangu ni binti wa wavuvi. Kwetu walimcheka kwa jambo hilo mpaka akazeeka, na mimi nilikuwa ninakwenda kuangalia ng'ombe. Leo anakula kwa ndoana hii. Mkisema anayemlisha si mvuvi, mnanirudisha kwa ng'ombe. Mimi ni mvuvi. Leseni ikija niandikeni wa kwanza. Na hayo matete shemeji aliyosema, nionyesheni nisikae hapo."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, halikuwa jambo la kupigiwa makofi. Mama mdogo alikuwa amejifunika uso kwa upindo wa kanga. Bwana samaki alipekua karatasi zake bila kusoma chochote, kisha akasema maoni yote yatafikishwa juu, na mkutano ukaisha hivyo, kama mikutano mingi inavyoisha.

Tulipokuwa tukirudi baba aliniomba nisimwambie mama, maana atamtania mpaka Pasaka. Nilimwahidi. Lakini ahadi yangu haikuwa na kazi, kwa sababu maneno ya mwaloni yana miguu mirefu kuliko ya kwetu. Tulipofika, jirani mmoja alikuwa ndiyo kwanza anaaga. Mama alikuwa ameketi, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Hakumtania. Alimwangalia baba akija, akasogea kwenye kitanda kile cha kamba akaacha nafasi, naye baba akakaa. Walikaa bega kwa bega wakitazama kuku. Sikuwahi kuwaona wamekaa hivyo mbele ya watu, na kwa desturi zetu ningepaswa kugeuza uso. Sikugeuza.

Mama mdogo alimwonyesha baba sehemu yenye mawe, mbali na matete. Baba alivua hapo miezi ya mwisho ya mama. Siku nyingine alipata, siku nyingine alirudi na ndoo ya maji, na mama alisema yote ni sawa. Alikuwa anakula kidogo sana kufikia wakati huo. Nadhani alikuwa anakula ili baba awe na sababu ya kwenda.

Mama alifariki wakati wa mavuno ya pamba. Tulimzika kwao, kama alivyoomba, na ndugu wa baba walikuja kutoka Lingeka kwa basi la kukodi. Mawifi walikuja, wazee sasa, wakilia kwa kweli, maana watu hawaishi na mtu miaka yote hiyo bila kumpenda hata kidogo. Sheria ya ndoana ilikuwa haijapita, na mpaka ninapoandika haya haijapita; kila msimu tunaambiwa inajadiliwa.

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, usiku wa kuamkia mazishi, macho yakiwa yamevimba. Binamu yangu ndiye aliyeusoma kaburini. Alisoma mama alizaliwa wapi, alisali wapi, aliugua nini. Akafika mahali nilipoandika, kwa mazoea tu, kwamba aliolewa na mfugaji wa Lingeka. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, nduguze wote nyuma yake. Akainua mkono.

"Sema mvuvi," akasema.

Binamu yangu alinitazama, nikamkubalia kwa kichwa. Akairudia sentensi ile tangu mwanzo, kwa sauti, ili na walioketi nyuma wasikie.