Jina la Mtoto Wangu Linawaka Kwenye Mizani ya Majani Chai

Admin, ficha jina langu. Watu wa huku wamenitukana vya kutosha, sitaki waanze tena hapa.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Kwetu ni upande wa Kapkatet, na niliolewa kilima cha pili tu kutoka kwa mama yangu. Nyumba zote mbili zinapeleka majani chai kwa kiwanda kimoja. Mimi na bwanangu tulisomea kompyuta pamoja, lakini wacha niseme bila haya: yeye alisomea kuongea. Kuandika programu ilikuwa kazi yangu.

Sasa kiwanda kikaleta mizani mpya za kupimia majani vituoni, pale wakulima wanayapeleka yachukuliwe. Ndani yake kuna chip tofauti na ile ya zamani, na programu ya zamani ikakataa kuwaka kabisa. Bwanangu akaenda kiwandani akaongea, akarudi na kazi. Nani wa kuifanya? Mimi. Kwa wale hawajui, kernel ndiyo programu ya chini kabisa, ile inaamsha mashine na kuionyesha memori iko wapi, saa iko wapi, skrini iko wapi. Kernel ya chip moja haielewi chip ingine. Ukiihamisha lazima uifundishe kila kitu upya, kama mtoto. Miezi nzima nilikaa na bodi ya hiyo mizani, ile sahani ya ndani yenye chip, kwa meza ya jikoni, naiwasha, inakufa, naiwasha tena. Na nilikuwa na mimba.

Sisi watu wa kernel kila toleo tunalipatia jina. Daktari alikuwa ameniambia ni msichana, na nitajifungua mvua ikianza. Huku kwetu msichana wa mvua ni Cherop. Najua, najua, mtoto haitwi jina kabla hajazaliwa, hata mimi nililelewa hivyo. Lakini hiyo si ilikuwa programu tu jamani? Nikaandika maneno ya kwanza kutokea kwa skrini: CHEROP ANAAMKA. Siku bodi ilikubali na hayo maneno yakawaka, nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Kazi haikuwa imeisha. Sehemu ya memori ilikuwa na kosa, mashine ikipima watu wengi mfululizo inaganda na kilo za siku zinapotea. Nilikuwa nalitafuta hilo kosa wakati nilianza kutoka damu.

Mtoto alikufa tumboni. Nikiwa wodini, bwanangu akaja. Nilimwona mlangoni nikaanza kulia, nikijua amekuja kunishika mkono. Akaketi kando ya kitanda, akaangalia nyuma kama mtu anachunga asisikike, akaniuliza, "Password ya laptop ni gani? Kiwanda kinaningoja."

Nilimpa. Mnataka ningefanya nini, na nguo bado zina damu? Nilimwambia kuna kosa kwa memori, angoje. Akasema, "Wewe pumzika."

Siku ya kuonyesha mizani kituoni, watu walijaa. Bwanangu alisimama na suti, akaitwa injinia, akapigiwa makofi. Mimi niliambiwa nipeleke chai kwa wageni. Karani akawasha mashine, na maneno yakatokea. Mama mkwe akasoma kwa sauti, akageuka. "Cherop ni nani?"

Sikuweza kudanganya. Nikasema, "Ni mtoto wetu, mama."

Wueh! Yule mama aliweka kikombe chini polepole. "Ulimwita jina akiwa bado tumboni? Ukamwandika kwa mashine? Basi wewe ndiye ulimuua." Mbele ya watu wote. Nikamwangalia bwanangu, yule nilimpa password. Akatengeneza tai, akasema, "Mama hajakosea." Kesho yake nguo zangu zilikuwa nje kwa matope, pamoja na laptop yangu, kwa sababu ameshanunua ingine.

Nikarudi kwa mama yangu. Hasira ilinikalisha chini nikalitafuta lile kosa mpaka nikalipata na kulirekebisha. Hiyo kazi nikaikalia, sikumtumia. Nilisema mvua itakuja na injinia ataona.

Mvua imekuja. Majani ni mengi, foleni haiishi, na mashine zinaganda kila kituo. Karani hapokei bila mashine, kwa hivyo majani yanaungua ndani ya magunia, yanageuka mekundu kwa joto, na watu wanayamwaga. Nilifurahi, sitawaficha. Nilifurahi mpaka mama yangu akarudi na magunia yake, amelowa, akayamwaga nyuma ya zizi.

Jana bwanangu akapiga simu. Hakusema pole, hakuuliza nimelalaje. "Najua umerekebisha, nakujua. Tuma. Na utoe hilo jina, mama yangu ameapa hapeleki majani kwa mashine ya maiti. Ikija na hilo jina siiweki, halafu nitaambia watu wote ni wewe uliroga mizani."

Huyo mtoto hana kaburi ninalojua. Hakubatizwa, hakubebwa na mtu. Mahali pekee jina lake lipo ni hapo.

Na kuna kitu kimoja bwanangu hajui. Mama yangu huamka mapema kuliko majirani wote, anakaa kituoni kwa mvua, anangoja karani awashe. Nilidhani anakimbilia foleni. Juzi nikamuuliza mbona anateseka hivyo. Akasema, "Naenda kumwona akiamka."

Kazi iko tayari, imebaki kubonyeza tu. Nikifuta jina, mama yangu atangoja kwa mvua aone skrini tupu. Nikikataa, majani yake yataungua tena kesho, na ya jirani zetu wote ambao hawajanikosea. Nyinyi ambao hamna uchungu huu, nishikeni mkono: nibonyeze nini?