Dirisha la Saa Nne

Usicheke, ila mtu ninayekusimulia habari zake alipata riziki yake kwa kutembea kinyumenyume. Miaka ishirini na miwili! Alikuwa mwongoza wageni katika mitaa ya kale ya mji, ile mitaa ambayo gari haliingii, na mkokoteni ukipita watu hujibanza ukutani. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu kwa miguu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita, akiwaonyesha milango, visima vilivyofunikwa na majumba ya watu waliokufa zamani. Hakupenda kuwapa wageni kisogo akizungumza nao, kwa hiyo uso aliuelekeza kwao na mgongo kule aendako. Mfereji ulipo alipajua kwa kisigino. Ngazi saba za kichochoro cha mafundi viatu alizishuka kinyume huku akieleza mambo ya miaka mia mbili iliyopita, wala hakutazama chini. Mtaa mzima ukamwita Kinyumenyume, hata mkewe, hasa akiwa amekasirika.

Na kazi aliijua, tusimdhulumu. Kila kona alihesabu vichwa vya wageni kwa macho tu, maana kumhesabu mtu mzima kwa kidole ni kumwaibisha. Alijua wapi pana choo safi, kwa sababu mgeni huuliza historia mara moja na choo mara tatu. Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia sheria mbili. Ya kwanza: mgeni kivulini, mwongozaji juani. Popote mnaposimama, jua likupige wewe, wao wakae kwenye ubaridi wakusikilize kwa raha. Ya pili ilikuwa fupi zaidi: mwongozaji hasemi "sijui".

Hiyo ya pili ndiyo iliyomponza.

Siku yake ya kwanza, saa nne, jua limeshachachamaa, alikuwa na wageni tisa waliochoka. Kivuli pekee kilikuwa chini ya jumba moja la mawe la ghorofa, jumba lisilo na sifa yoyote. Akawasimamisha pale wapumue. Mwanamke mmoja mwenye kofia pana akainua macho, akauliza, "Lile dirisha la juu, mbona limezibwa kwa mawe?"

Kijana wetu akatazama juu. Kweli, limezibwa, na yeye maisha yake yote hakuwahi kuliona. Neno "sijui" likamfika ulimini, akalimeza, na badala yake likatoka hili: hapa aliishi tajiri mmoja katili, mwenye binti mzuri ajabu. Binti akapendana kwa macho na seremala wa nyumba ya pili. Baba alipogundua akaliziba dirisha, binti akafungiwa ndani mpaka akafa kwa majonzi.

Lo! Mwenye kofia alitoa kitambaa akafuta machozi. Wengine wakapiga picha. Ungekuwa wewe ungeacha? Kesho yake akasimulia tena, akatia chumvi kidogo, binti akawa na sauti ya kuimba. Mwaka wa tatu kukawa na kugonga kunakosikika ukutani. Waongozaji wenzake wakaichukua hadithi, kila mmoja na chuku yake. Kisha ofisi ya leseni ikatuma karani aandike kitabu cha mitaa ya kale, karani akamfuata Kinyumenyume na daftari, akayanakili yote. Kitabu kikatoka na picha ya dirisha, chini yake pameandikwa: Nyumba ya Baba Katili. Tangu hapo, kila mwongozaji anayehuisha leseni sharti asimame pale na kuieleza mbele ya mkaguzi. Uongo wake mwenyewe ukawa swali la mtihani, naye kila baada ya miaka minne aliujibu na kupewa alama zote.

Sasa basi, ndani ya jumba lile alikuwa anaishi mtu.

Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya mtihani mwingine. Kinyumenyume ameshawaaga wageni, anarudi zake nyumbani hana hili wala lile, mlango wa jumba ukafunguka nusu. Akatokea bibi kizee mwenye fimbo, mdogo wa umbo, macho makali.

"Wewe, mwongo wangu wa saa nne. Hebu ingia."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Panda ngazi taratibu, hizi hutaziweza kinyume."

Alimpeleka mpaka chumba cha juu. Kitanda, kabati, meza yenye cherehani iliyofunikwa kwa shuka, na ukutani lile dirisha, safari hii kwa upande wake wa ndani, limekuwa kishubaka cha kuwekea taa. Juu yake palikuwa na tundu la hewa, na kupitia tundu lile ilisikika sauti ya mtu akikohoa mtaani kama yuko chumbani humo humo. Mwongozaji akahisi masikio yanamchoma. Miaka yote hiyo alidhani kuta kuwa na masikio ni msemo tu.

"Ndoo ile pale unaiona?" bibi akauliza. "Ya kuoshea ukuta. Vijana wanaopendana wanakuja kuandika majina yao chini ya dirisha lako. Nina miaka themanini na moja, nashinda naosha mapenzi ya watu."

Kinyumenyume akataka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

"Huyo baba katili alikuwa baba yangu mzazi," bibi akasema. "Utajiri aupate wapi? Alikuwa fundi wa kupaka chokaa. Chumba hiki alikipanga, nami nimezeekea humu."

"Na binti...?"

"Alikuwapo. Mdogo wangu. Miaka mitatu." Akaelekeza fimbo kwenye yale mawe. "Aliangukia pale pale unapowasimamisha wageni wako."

Mwongozaji alikaa kitandani bila kukaribishwa.

Bibi akaendelea, tena kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Mama yao alikwenda kuchota maji, akamwambia: mwangalie mdogo wako. Yeye alikuwa na miaka minane. Akafungua dirisha, akamwona rafiki yake anacheza chini, rafiki akamwita, akashuka mbio. Dirisha akaliacha wazi.

"Baba aliporudi akauliza nani aliliacha wazi. Nikanyamaza. Akanitazama mara moja tu, akajua. Basi akawaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyeliacha. Hata mama yangu, baba alimwambia hivyo hivyo, na mama hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Siku ya tatu akaleta mawe, akaziba, mimi nikimpa moja moja. Akaniambia, hutaliona tena. Na mimi, mwanangu, sikusema. Wala kwa mama, wala kwa yeyote. Alinibebea mzigo wangu mpaka akafa nao. Nikasema angalau sasa kapumzika. Ndipo ukaja wewe na mdomo wako."

"Mbona hukuniita mapema, bibi yangu?"

"Nikuite nikwambie nini? Ningekupa nusu ungetaka nusu nyingine. Ninyi watu hamkubali kutojua." Akakohoa kwa muda mrefu, akapangusa mdomo. "Nataka kitu kimoja. Nisikie mara moja, kwa masikio haya, baba yangu akisemwa kwa wema pale chini. Langu mimi liache. Nimekwambia wewe tu, na sina ubavu wa kumwambia mwingine."

Akaahidi. Nani angekataa?

Lakini ahadi ni neno, na leseni ni mkate wa watoto. Kwenda mbele ya mkaguzi ukasema kitabu cha ofisi kimedanganya, na aliyekidanganya ni wewe, ni kujichimbia shimo kwa jembe lako. Nyumbani akamweleza mkewe, lakini mambo ya dada wa miaka minane akayafungia moyoni. Mkewe alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," mkewe akasema. "Wewe umeitembea miaka ishirini na miwili, tena kinyumenyume. Hongera."

"Nifanye nini, mama watoto?"

"Pata leseni kwanza. Ukishaipata, sema ukweli wako wote."

Ushauri mzuri, na alijua kwamba ni mbaya. Akafanya kama mwoga yeyote: akabadili njia. Akawa anawapitisha wageni mtaa wa nyuma, juani, wanalalamika, wanapepea kofia, na moyo wake unamsuta kila saa nne ikifika, maana alijua ghorofani kuna mtu ameketi karibu na tundu la hewa anasubiri. Wiki nne nzima! Muuza mboga wa kona akamwambia bibi ameanza kuuliza kama yule mwongo kafa.

Siku ya mtihani ikafika. Njia ya mtihani hupangwa na ofisi, hapo hakuna kukwepa. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, kalamu yake imefungwa kamba shingoni, hana ubaya, anafuata karatasi tu. Wageni walikuwa sita. Kinyumenyume aliwashusha zile ngazi saba, akakanyaga ya mwisho vibaya, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, akapepesuka. Kisha wakafika. Wageni wakaingia kivulini, yeye akasimama juani.

"Nyumba ya Baba Katili," mkaguzi akasoma. "Endelea."

Jasho likamtiririka. Akatazama juu kwenye tundu la hewa, kisha akapaza sauti kuliko kawaida yake.

"Ndugu zangu, hadithi ya nyumba hii iliyomo kitabuni niliitunga mimi, siku niliyoona aibu kusema sijui. Hapakuwa na tajiri. Aliishi hapa fundi wa kupaka chokaa. Mtoto wake wa miaka mitatu alianguka kutoka dirisha lile, akafa. Baba yake akaliziba kwa mikono yake, ili waliobaki wasilione tena. Alikuwa mtu mwema, na mimi nimemtukana mbele ya watu miaka ishirini na miwili. Naomba radhi."

Mkaguzi akapekua kitabu mbele, akapekua nyuma.

"Hii haimo."

"Haimo, mheshimiwa. Iliyomo ni ya kwangu, na ni ya uongo."

"Basi nikubali niandike hii mpya," mkaguzi akasema, na kwa haki alisema kwa upole. "Lakini iwe kamili. Watu watauliza. Nani aliliacha dirisha wazi?"

Hapo akabanwa. Aseme ni baba, kama mtaa mzima ulivyoambiwa zamani? Alama angepata, na fundi chokaa angebebeshwa tena mzigo usio wake, bintiye akisikiliza. Aseme ukweli? Angemuua bibi wa watu kwa aibu. Ulimi ulikuwa mzito, lakini neno lenyewe lilikuwa jepesi, likatoka.

"Sijui."

"Sijui?" Mkaguzi akainua kalamu. "Mtu wa miaka ishirini na miwili? Mwongozaji hasemi sijui."

"Mimi nasema, mheshimiwa. Sijui, na sitajua. Andika."

Mkaguzi akatikisa kichwa, akaanza kuandika. Komeo la mlango likalia. Bibi akatoka akiishika fremu ya mlango, fimbo mkono wa pili, anahema kwa kushuka ngazi.

"Anajua huyo," akasema. "Futa ulichoandika. Anajua, ananisitiri tu. Niliyeliacha wazi ni mimi. Baba yangu alijitwika la kwangu mimi."

Leseni, kama roho inakudunda, ilitoka, ingawa ofisi iliikalia miezi miwili na kwa nyumba ile hakupewa hata alama moja. Lakini hayo ni ya baadaye. Saa nne ile bibi alikuwa amesimama kizingitini, jua linampiga usoni, na watu sita wasiomjua wanamtazama. Hakuna aliyejua la kufanya.

Kinyumenyume alijua. Alimfuata, akamshika mkono, akamwongoza hatua kwa hatua mpaka kivulini, katikati ya wageni, nao wakampisha. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka mahali pake juani.

"Haya, bibi," akamwambia. "Tunakusikiliza."