Makopo Matano ya Domitila

Saa mbili asubuhi, Domitila Fransisko anamwaga mbaazi kwenye ungo na kuanza kuzichagua. Zilizotobolewa na wadudu anawatupia kuku. Nzima anaziweka kwenye kifuko cha kitambaa, anahesabu kwa midomo. Pembeni yake, barazani kwake Nambambo wilayani Nachingwea, yamepangwa makopo matano ya maziwa ya unga, mifuniko yake imetobolewa. La kwanza lina picha ya uso unaocheka mpaka meno yanaonekana. La mwisho, uso umenuna.

“Hizi si za kupika,” anasema, wala hacheki. “Hizi ni za kufuta uongo wangu.”

Domitila, mwenye umri wa miaka 43 na mama wa watoto watatu, ambaye wengi humwita Mama Eva, ni mdodosaji. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akipewa kishikwambi na orodha ya nyumba, kisha anazunguka vijiji vya Nachingwea na Ruangwa kupima mitazamo: watu wanaionaje chanjo, shule, mbegu mpya za ufuta. Anasoma sentensi, na anayehojiwa anachagua jibu moja kati ya matano, kuanzia “nakubali kabisa” mpaka “sikubali kabisa”.

“Watu wanadhani ni kazi ya kuuliza,” anasema. “Ni kazi ya kuangalia mtu anavyokwepa.”

Mwanzoni mwa mwaka jana, shirika moja la utafiti lilimtuma kwenye kijiji kimoja cha kata ya Matambarale, wilayani Ruangwa. Sentensi iliyobeba utafiti mzima ilikuwa hii: “Muuguzi wa zahanati yetu anatuheshimu tunapokwenda kujifungua.”

Kijijini hapo mgeni haingii kwenye mji wa mtu peke yake. Anapewa mwenyeji wa kumpeleka na kumtambulisha, na mwenyeji huyo anakaa mpaka mazungumzo yaishe, maana kumtelekeza mgeni ni aibu ya kijiji kizima. Ofisi ya kijiji, kwa moyo mweupe kabisa, ikamtafutia Domitila mtu anayeijua kila nyumba yenye mama mjamzito. Ikampa muuguzi wa zahanati.

Ndiyo, muuguzi yuleyule ambaye wanawake walikuwa wakiulizwa habari zake. Nyumba baada ya nyumba alikaa kwenye kigoda na sare yake, akibembeleza watoto wa watu, huku mama zao wakiulizwa kama anawaheshimu. Kati ya wanawake 68, wanawake 63 walijibu “nakubali kabisa”.

“Nilijua,” anasema Domitila, na sauti inapanda. “Nyumba ya tatu tu nilijua. Mtu anajibu sijamaliza hata kusoma! Lakini ningemfukuzaje mwenyeji wangu? Nikajaza. Hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.”

Ripoti ikatoka na picha za rangi. Ilisema wanawake tisa kati ya kumi wameridhika, na wasiokwenda zahanati wanakwamishwa na mila. Basi ikaletwa semina ya siku mbili ya kuwabadilisha wanawake mtazamo. Soda zikanywewa, watu wakapiga makofi, muuguzi akabaki palepale.

Mmoja wa waliopiga makofi ni Fatu, mwenye umri wa miaka 24, ambaye ameomba atajwe kwa jina hilo moja tu. Wakati huo alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungulia zahanati, na hajasahau.

“Nilipolia uchungu aliniambia, ‘Ulipokuwa unaitafuta hukulia,’” anasimulia Fatu. “Akanizaba kofi la paja. Nikajiapiza sirudi.”

Hakurudi. Uchungu wa pili ulipoanza, zahanati ikiwa hatua chache kutoka kwake, alipanda bodaboda kwenda Ruangwa mjini. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya kanga iliyotandikwa kwenye vumbi. Hakulia.

“Wanasema mila,” anasema Fatu. “Mila gani? Mama yangu mwenyewe alinizaa hapohapo zahanati!”

Domitila aliporudi kijijini kwa kazi nyingine, Fatu alimsimamisha njiani na kumuuliza neno moja: “Mama Eva, si wewe uliyeandika kwamba tunaheshimiwa?”

Swali hilo lilimnyima usingizi. “Mtu hazaliwi na mtazamo,” anasema sasa, akipiga ungo kwa kiganja. “Anatukanwa siku moja. Anamwambia dada yake, dada anawaambia wenzake kisimani. Mpaka msichana ambaye hajawahi kuingia zahanati anaiogopa. Halafu mimi nakuja na kishikwambi, naandika ‘mila’!”

Akabuni njia yake. Makopo yanawekwa ndani ya chumba kisicho na mtu. Mwanamke anasomewa sentensi ileile, anapewa mbaazi moja, anaingia peke yake, anaitumbukiza anapotaka na kutoka. Hakuna wa kumuona. Kati ya wale 68 aliwapata 61. Alipofungua makopo, mbaazi 52 zilikuwa kwenye uso ulionuna.

Alizipeleka kwa msimamizi wake, Geofrey. “Dada Domitila, mbaazi si takwimu,” akajibiwa. “Na wadodosaji wanaosubiri nafasi yako ni wengi.”

Mbaazi si takwimu! Lakini “ndiyo” ya mwanamke anayemjibu mtu anayemwogopa, hiyo ndiyo takwimu, ikachapishwa na kugawiwa.

Domitila hakunyamaza. Alimwendea mwenyekiti wa kijiji, Jumanne, ambaye hakujitetea. “Kosa lilianzia ofisini kwangu, mimi ndiye niliyemtoa yule mwenyeji,” anasema Jumanne, aliyeandika barua kwa mkono wake kutaka upimaji urudiwe. Shirika limekubali, shingo upande. Jumatatu ijayo makopo yatazunguka tena, Geofrey mwenyewe akihesabu, na majibu yatafika wilayani kabla ya mwezi kwisha. Kijiji kimetakiwa kuchagua mwenyeji mwingine.

Wanawake wamemchagua Fatu. Sasa ana mimba ya tatu, ya miezi saba, na bado hajui atajifungulia wapi.

Mchana, Domitila anafika kwa Fatu na kifuko cha mbaazi. Anamweleza kazi: kumpeleka kila nyumba, kumtambulisha, kukaa naye mpaka mwisho kama ilivyo desturi. Fatu anasikiliza, mkono uko juu ya tumbo. Kisha anatikisa kichwa.

“Nitakufikisha mlangoni, Mama Eva, nitakutambulisha,” anasema. “Halafu nitakwenda kukaa mbali. Wakiniona na tumbo hili watanihurumia, watatumbukiza kwa ajili yangu. Sitaki. Kila mmoja atumbukize ya kwake.”