Mkwe Aliyelala Garini

Tobia Shemhilu wa Rangwi aliendesha malori ya mboga kwa miaka thelathini na moja. Kabichi, karoti na viazi mviringo vilishuka naye kona za Soni hadi Mombo, na kutoka hapo Dar es Salaam, kwenda na kurudi, mpaka magoti yakakataa klachi nzito. Watu walimpenda kwa tabia moja: hakuwa na makuu. Gari likiharibika Chalinze au mvua ikifunga njia, alibisha hodi kwa yeyote anayemfahamu, akala kilichopikwa, akalala alipoonyeshwa.

Ndiyo maana majirani walishangaa alipoanza kung'oa viti vya Haisi yake kuukuu na kujenga kitanda ndani. Wakati huo alikuwa na miaka sitini na sita, na mkewe Efrazia alikuwa ameshafariki. Alipiga fremu kwa mbao za paini, chini yake akapanga sufuria, jiko dogo la gesi na dumu la maji. Madirisha akayavika mapazia.

"Unafungua hoteli?" jirani yake Valentino alimuuliza.

"Naenda Sumbawanga kwa Janeth. Wazungu wanaokuja huku wanatembea na nyumba zao. Mimi nimekosa nini?"

Valentino akacheka, na Tobia akacheka naye. Chini ya godoro alikuwa ameshatandika nailoni, na hilo hakumwonyesha mtu.

Miaka miwili nyuma alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tezi dume. Daktari alimwambia mkojo ungemsumbua miezi michache tu, kisha ungetulia. Haukutulia. Mchana alijitahidi, lakini akilala alikuwa kama mtoto mchanga. Hakurudi kwa daktari, maana kurudi kulikuwa ni kusema. Alifua shuka zake mwenyewe kabla jua halijachomoza, akazianika nyuma ya banda la mbuzi.

Pengine angeishi hivyo hivyo kama isingekuwa safari ya Magoma. Hamza, aliyekuwa utingo wake enzi za malori na sasa ni mfanyabiashara wa mahindi huko, alimwalika kwenye harusi ya binti yake. Tobia alipanga kurudi siku hiyo hiyo, Hamza akamkatalia katakata. Nyumba ilijaa wageni, hivyo akalazwa kitanda kimoja na Ismaili, mjukuu wa Hamza wa miaka mitano. Alikusudia kukesha, lakini usingizi ukamshinda.

Alipoamka kulikuwa kunapambazuka na godoro limelowa upande wake. Upande wa mtoto, ukutani, ulikuwa mkavu. Tobia alikaa akisikia wanawake wakiwasha moto uani. Kisha akambeba yule mtoto taratibu, akamlaza pale palipolowa, akatoka nje na kikoi begani kama mtu anayekwenda kunawa.

Hamza alimchapa mjukuu wake mbele ya wageni. "Mtu mzima kama wewe unamkojolea mgeni!" Mtoto alikuwa akilia, "Si mimi! Si mimi!" Naye Tobia, akiwa ameshika kikombe cha chai, alisema, "Msamehe, Hamza. Mtoto ni mtoto." Mke wa Hamza akampigia goti kumwomba radhi. Chai ile aliimaliza. Tangu siku hiyo hakulala tena chini ya paa la mtu.

Lakini Janeth alikuwa amejifungua. Mwanawe huyu wa pekee alikuwa mwalimu Sumbawanga, ameolewa na fundi umeme aitwaye Alen, na mtoto walimpa jina la Efrazia. Mara kumi alipiga simu. "Tate," alisema, akimwita baba kwa Kishambaa, "mama hayupo. Wewe nawe usipokuja, nani wa kwetu atamshika mtoto huyu?" Ndipo likaja wazo la kitanda ndani ya gari.

Aliondoka Jumatatu. Korogwe, ambako hakuna aliyemjua, aliingia duka la dawa akaomba pampasi za watu wazima.

"Mgonjwa ana mwili gani, baba?" msichana wa dukani akauliza.

"Kama mimi hivi."

Msichana akamtazama kiuno kupima saizi, na Tobia akahisi masikio yanawaka.

Siku ya kwanza alifika Morogoro, akalala kituo cha mafuta katikati ya malori. Asubuhi pampasi ilikuwa imevuja. Alifua vitambaa alivyolalia kwa maji ya dumu na kuvianika kwenye kamba ndani ya gari, madirisha wazi, upepo wa Mikumi uvikaushe. Milima ya Kitonga aliipanda kwa gia ya pili. Karibu na Ilula askari wa usalama barabarani, mwanamke wa umri wa Janeth, akamsimamisha.

"Shikamoo, baba. Fungua nyuma tuone umebeba nini."

Alifungua. Harufu ilitoka kabla ya yote. Askari akaviangalia vitambaa, halafu akaangalia kitanda.

"Ni vya mjukuu wangu," Tobia akasema.

"Mjukuu yuko wapi?"

Garini hakukuwa na mtoto. Askari akaufunga mlango mwenyewe, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Safari njema, baba. Pumzika njiani." Tobia alisema baadaye kwamba afadhali yule binti angemwandikia faini.

Alilala Makambako, akapita Mbeya na Tunduma, na jioni ya Jumatano akaingia Sumbawanga. Janeth alimpokea kwa vigelegele. Alen alipokea mkoba, na mama yake Alen, mjane anayeishi nao, akamwekea mtoto mikononi. Tobia akalia kidogo, na hapo hakuona aibu.

Baada ya chakula Janeth alimpeleka kwenye chumba cha wageni. Godoro lilikuwa jipya, bado lina nailoni ya dukani pembeni. Chandarua cheupe kilishatundikwa, na mama Alen alikuwa amepiga deki kwa mikono yake.

"Nitalala garini," Tobia akasema. "Nimezoea."

"Tate, umeshafika nyumbani."

"Dereva akilala nyumbani usingizi hauji, mwanangu. Niacheni."

Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili Alen hakucheka, na mama Alen aliondoa chandarua. Siku ya tatu, Tobia akiwa amejifungia garini anakunja vitambaa, alisikia wanawake wawili wakipita nje ya uzio. Mmoja alisema, "Ndiye huyo mkwe. Ameambiwa Sumbawanga kuna wachawi, anaogopa kulala kwa mama Alen." Mwenzake akajibu, "Wangemwacha akae kwao. Huko kwao waganga hawapo?"

Mchana ule Janeth alikuja akakaa kwenye ngazi ya gari, mtoto mgongoni.

"Tate, mama mkwe hajala tangu asubuhi. Ananiuliza baba yako ameona nini kwetu. Nimjibu nini?"

"Mwambie sijaona kitu."

"Basi lala ndani leo. Siku moja tu."

Alimtazama binti yake aliyekonda kwa kunyonyesha, akafungua mdomo. Akaufumba. Baba atamwambiaje bintiye neno kama lile? Akasema, "Haya. Kesho."

Kesho yake, kumepambazuka tu, aliwasha gari akaondoka. Hakuaga. Mezani aliacha kikaratasi: amepata dharura Rangwi.

Simu ilianza kuita kabla hajamaliza lami ya mjini. Aliiacha iite. Laela, alipoegesha kunywa chai, aliona Janeth amepiga mara saba. Ikaita tena, na mara hii alikuwa Alen.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, sikupigii kugombana. Mama yuko hapa. Anasema kama kuna neno alilolisema likakuumiza, yuko tayari kupanda basi akufuate popote, akupigie magoti."

Tobia alimwona tena akilini mke wa Hamza amepiga goti, na kile kikombe cha chai. Akashika usukani wa gari lililozimwa.

"Asije," akasema. "Alen, asije. Mimi najikojolea."

Akaendelea upesi, asije akakatizwa.

"Tangu waliponipasua. Kila nikilala. Ndiyo maana ya gari. Ndiyo maana ya yote. Mama yako hana kosa, nyumba yenu haina kosa."

Lilikuwa neno ambalo mkwe hamwambii mkwe. Alitamani simu ikatike. Alen akakohoa.

"Uko wapi, baba?"

"Laela."

"Kaa hapo hapo. Usiendeshe."

Alikuja kwa lori la mahindi, bado amevaa nguo za kazi. Walisalimiana bila kutazamana. Alen akashika usukani, na kilomita nyingi hakuuliza ila habari za gia ya tatu iliyokuwa ngumu. Kisha Tobia akamweleza habari za Magoma. Alieleza yote, hata chai aliyoimaliza. Alen akapunguza mwendo.

"Hilo la ugonjwa, baba, mimi halinisumbui," akasema mwishowe. "La mtoto linanisumbua."

"Hata mimi."

"Basi mpigie."

Mama Alen alikuwa amesimama getini. Alen alikwenda kumnong'oneza kwanza. Mama yule alimsikiliza, kisha akaja mpaka dirishani.

"Baba Janeth, mimi nimezaa sita na nimeuguza mume miaka minne. Umenitangazia uchawi mtaa mzima kwa sababu ya mkojo?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira. Shuka na hivyo vitambaa, sabuni iko uani."

Hakumwachia afue. Alivinyakua akavifua mwenyewe kwa nguvu kama anayempiga mtu, akavianika kwenye kamba ya mbele, mahali ambapo mtaa wote unapita. Tobia aliingia ndani akakaa kitandani hadi vilipokauka. Wanawake wa mtaani hawakusema tena habari za wachawi. Walisema habari za vitambaa, naye ilimbidi azisikie.

Mchana wa siku iliyofuata alimpigia Hamza. Alieleza bila kupunguza. Hamza alimsikiliza hadi mwisho. Tobia akaomba aongee na mtoto, na baada ya muda mrefu ikaja sauti ndogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Ismaili. Siku ile ya harusi hukukojoa wewe. Nilikojoa mimi."

"Najua," mtoto akasema. "Ulinibeba."

Tobia akaelewa. Mtoto alikuwa macho, basi. Alibebwa yu macho, akalazwa pale, akanyamaza kwa sababu aliyembeba ni mtu mzima na mgeni. Hamza akachukua simu. "Umemsikia," akasema, na akakata.

Tobia alikaa Sumbawanga wiki tatu. Alen alimpeleka hospitali, wakakaa kwenye benchi pamoja na wazee wengine wanne wenye shida hiyo hiyo, hakuna anayemtazama mwenzake. Wauguzi walimfundisha mazoezi ya kukaza misuli na kumpa vidonge. Baadhi ya siku aliamka mkavu, baadhi hapana. Aliendelea kulala garini, ila gari lilihamishiwa ubavuni mwa jiko, na asubuhi mama Alen aligonga bati kwa mwiko kumwita kwenye uji.

Na Janeth? Bila shaka alijua. Alen ni mumewe, na kamba ya nguo haina siri. Lakini hakumwuliza baba yake hata neno, na baba yake hakumwambia. Siku ya kuondoka alimfungia unga wa ulezi na karanga, akamweka mtoto mapajani mwa baba yake nyuma ya usukani, akawapiga picha. Mtoto alimshika Tobia sikio akang'ang'ania. Janeth aliinama dirishani, macho yake yakatua kwenye ile nailoni iliyochungulia chini ya godoro, akayaondoa haraka.

"Ukifika Mbeya piga simu, tate."

"Nitapiga."

Alipiga Mbeya, akapiga na Iringa. Waliongea habari za barabara, na za mtoto, na bei ya mafuta.